Shujaa Aliyeacha Maneno Yake: Gabay ya Sayyid Muhammad Abdille Hassan na Uhakiki wa Shujaa katika Kiswahili

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kumtazama shujaa wa ukombozi kama mtu anayetungwa na wengine. Kinjeketile wa Ebrahim Hussein (1969) na Mkwawa wa M. M. Mulokozi katika Mukwava wa Uhehe (1979) ni watu walioishi, lakini maneno yanayosikika jukwaani ni ya watunzi waliozaliwa miongo kadhaa baada ya vita kwisha. Kwa sababu hiyo mhakiki huuliza jamii imemkumbuka vipi shujaa, na mtunzi ameitumia kumbukumbu hiyo kwa lengo gani. Maswali hayo ni halali na yamezaa matunda mengi. Hata hivyo yamebeba dhana ambayo haisemwi waziwazi: kwamba shujaa mwenyewe amenyamaza. Makala haya yanachunguza linalotokea dhana hiyo inapokutana na shujaa ambaye hakunyamaza hata siku moja, yaani Sayyid Muhammad Abdille Hassan, kiongozi wa Madarweshi wa Kisomali aliyepigana na Waingereza, Waitaliano na Wahabeshi kuanzia mwaka 1899 hadi kifo chake huko Imi mwishoni mwa 1920.

Swali hili lina uzito wa pekee kwa msomaji wa Kiswahili aliye Lafey, mji mdogo wa Kaunti ya Mandera ulio kwenye barabara inayoandama mpaka wa Somalia kati ya El Wak na Mandera. Vita vya Madarweshi vilipiganwa mbali na hapo, upande wa kaskazini. Lakini lugha ya mashairi yake ndiyo lugha ya nyumbani ya msomaji huyo, na Waogaden, ukoo wa Sayyid kwa upande wa baba, wana matawi makubwa huko Garissa, mji uliokuwa makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Msomaji huyu hufika darasani na kusomeshwa shujaa kwa Kiswahili: Liyongo, Kinjeketile, Kimathi. Uhakiki anaofundishwa haumwambii afanye nini na shujaa ambaye mashairi yake yenyewe yamehifadhiwa vifuani mwa watu.

Ili kuona tofauti ilivyo, ni vyema kuanza na shujaa aliyenyamaza kikamilifu. William Wallace wa Scotland aliwashinda Waingereza kwenye daraja la Stirling tarehe 11 Septemba 1297, akashindwa Falkirk mwezi Julai mwaka uliofuata, akakamatwa na hatimaye kuuawa kikatili London tarehe 23 Agosti 1305 kwa amri ya Mfalme Edward wa Kwanza. Barua mashuhuri iliyosalia kwa jina lake, aliyoitoa pamoja na Andrew Moray mwezi Oktoba 1297, imeandikwa kwa Kilatini na inawaarifu wafanyabiashara wa Lübeck na Hamburg kwamba bandari za Scotland zimefunguliwa tena. Ni barua ya biashara. Hakuna ndani yake mkuki wala farasi. Mbali na hiyo, kuna kumbukumbu ya kesi yake, ambamo inaelezwa kwamba alikana kuwa msaliti kwa kuwa hakuwahi kumwekea mfalme huyo kiapo cha utii.

Katika ukimya huo aliingia mtunzi aitwaye Blind Harry, ambaye mnamo 1477 hivi, yapata miaka 170 baada ya kifo cha Wallace, alitunga utendi mrefu uliomfanya shujaa huyo awe kila kitu ambacho Waskoti wa wakati wa mtunzi walimhitaji awe. Harry alidai kwamba anafuata kitabu cha Kilatini cha kasisi aliyemjua Wallace. Dai la aina hiyo halitamshangaza msomaji wa tenzi za Kiswahili, ambamo mtunzi hudai mara kwa mara kwamba amekuta habari katika chuo cha kale. Utendi wa Harry ulisahilishwa na William Hamilton mwaka 1722, na filamu ya mwaka 1995 iliyomtia Mel Gibson katika nafasi ya Wallace ilitegemea mapokeo hayohayo. Wallace amekuwa mali rahisi kurithiwa. Kila kizazi kimemvika maneno yake, na yeye hana utungo hata mmoja wa kuwapinga.

Liyongo anasimama mahali pa katikati. Utenzi uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 unamsimulia kwa nafsi ya tatu, kama Harry anavyomsimulia Wallace, na wataalamu wametofautiana kwa karne kadhaa kuhusu wakati alioishi. Lakini mapokeo yanamhesabu Liyongo kuwa ni malenga pia. Edward Steere alichapa mashairi yaliyonasibishwa kwake mwaka 1870, na ndani ya kisa chenyewe wimbo ndio unaomwokoa: akiwa gerezani Pate anamtumia mama yake ujumbe wa kishairi kupitia kwa kijakazi Saada, ili tupa ifichwe ndani ya mkate. Wimbo hapo ni chombo cha kazi, na walinzi wanausikia bila kuuelewa. Jambo jingine linalosahauliwa kwa wepesi ni kwamba utenzi huu haukuutenga mwambao na bara. Wagala wanafika Pate, wanavutiwa na nguvu za Liyongo, na wanataka mbegu yake iwe kwao, naye anaozwa kwao. Nyika iliyo nyuma ya Tana, ambako Garissa ilikuja kujengwa, imo ndani ya utendi huu wa ushujaa wa Kiswahili. Ni uhakiki wa baadaye ulioiacha nje.

Sayyid alirejea Berbera kutoka Makka mwaka 1895 akiwa mfuasi wa tarika ya Salihiyya. Waingereza walimpelekea misafara minne ya kijeshi kati ya 1901 na 1904. Katika mmojawapo, mwezi Aprili 1903, kikosi cha Plunkett, ambacho kilikuwa na askari wa KAR, kiliangamizwa karibu chote huko Gumburu. Ngome yake ya Taleh ilivunjwa mapema mwaka 1920 kwa msaada wa ndege za kivita za Uingereza, na miezi michache baadaye akafariki akiwa mkimbizi. Hayo yanapatikana katika vitabu vya historia. Ambalo historia peke yake haiwezi kulieleza ni namna vita hivyo vilivyopiganwa kwa gabay.

Gabay ni utanzu wenye sheria kali. Kila kipande cha mshororo sharti kiwe na neno linaloanza kwa sauti ileile, na sauti hiyo haibadiliki kutoka mshororo wa kwanza hadi wa mwisho, hata shairi likiwa na mishororo mia moja. Mizani yake haihesabu silabi tu, kama ifanyavyo mizani ya utenzi, bali hupima urefu na ufupi wa irabu. Sheria hizo zilifuatwa na malenga kwa karne nyingi bila kuandikwa, na ni mwaka 1976 ndipo Maxamed Xaashi Dhamac “Gaarriye” alipoanza kuzieleza gazetini. Ukali huo una manufaa ya kivita. Shairi lililofungwa kwa sauti moja haliwezi kupunguzwa wala kuongezwa na mpitishaji bila pengo kuonekana. Wahifadhi walilisikia, wakalishika, wakalichukua kutoka kisima hadi kisima, na lilifika likiwa na jina la mtunzi wake. Said S. Samatar, katika kitabu chake cha 1982 kuhusu ushairi simulizi na utaifa wa Wasomali, ameonyesha kwa kina jinsi mashairi ya Sayyid yalivyokuwa sehemu ya mkakati wake wa kisiasa: kutisha, kubembeleza, kuvunja ndoa za kisiasa na kuzifunga upya.

Utungo unaofaa kuchunguzwa kwa karibu ni ule alioutunga baada ya mapigano ya Dul Madoba, tarehe 9 Agosti 1913, ambapo Richard Corfield, kamanda wa askari polisi wa ngamia wa Waingereza, aliuawa. Wasomali walimwita Koofil. B. W. Andrzejewski na I. M. Lewis waliutia katika mkusanyo wao wa 1964, na kuanzia hapo umekuwa shairi la Kisomali linalojulikana sana nje ya Somalia. Wengi huusoma kama shangwe ya ushindi. Usomaji huo haukosei, lakini unasimama mlangoni.

Msemaji wa shairi anamhutubia maiti. Anamwambia Koofil kwamba ametoka duniani na kwamba safari yake ni ya Jahannamu. Njiani atakutana na watu wa peponi, nao watamwuliza yaliyompata. Kuanzia hapo shairi linageuka kuwa mafunzo ya jinsi ya kujibu. Kwa neno la kuamuru lenye maana ya “sema”, linalorudi na kurudi, Sayyid anampa adui yake ushahidi wa kutoa: aseme Madarweshi walivyomvamia, aseme alivyoomba huruma asiipate, aseme macho yake yalivyokakamaa kwa hofu. Kisha, na hapa ndipo msomaji hutaabika, aseme jinsi fisi na kunguru walivyougawana mwili wake. Mwishoni mwa orodha hiyo Koofil anatakiwa akiri kwamba watu wake wameshindwa.

Je, huu ni utungo wa aina gani? Silabasi ya fasihi simulizi ya shule za sekondari za Kenya inalo jina lililo tayari: majigambo, au kivugo, yaani utungo wa kujisifu ambao hutungwa na kughanwa na shujaa mwenyewe kuhusu matendo yake. Mwalimu wa Lafey anayetafuta mfano wa nyumbani ataliweka shairi hili hapo bila kusita. Lakini nafsi ya kwanza inayosimulia vita ndani ya shairi si ya Sayyid. Ni ya Corfield. Sayyid hajisifu kwa kinywa chake. Amekiazima kinywa cha aliyemuua, akampangia maneno, akamtuma akayaseme mbele ya hadhira ambayo haiwezi kudanganywa. Huu ni kivugo kinachoghanwa na adui, na nadharia ya utanzu huo kama inavyofundishwa haina nafasi yake.

Tofauti hiyo si ya fani peke yake. Mwandishi wa ripoti za kikoloni alikuwa na desturi ya kumsemea Msomali: alitoa sababu za vita, akampa Sayyid lakabu ya mwendawazimu, akafunga jalada. Shairi la Koofil linaigeuza desturi hiyo. Sasa ni Msomali anayeandaa taarifa, na afisa ndiye anayeisoma kama alivyopewa. Ikiwa mhakiki ataliita shairi hili majigambo na kupita, atakuwa amelinyang'anya hila yake kubwa kuliko zote.

Hapana budi hata hivyo kukataa jambo la pili linalofuata kwa urahisi, yaani kumchukua Sayyid na kumtawaza kuwa shujaa wa taifa ambaye kila Msomali, na kila Mwafrika, anamrithi kwa furaha. Jambo hilo limekwisha kujaribiwa. Baada ya Kisomali kupata hati rasmi ya maandishi mwaka 1972, diwani ya mashairi yake iliyokusanywa na Aw Jaamac Cumar Ciise ilichapishwa Mogadishu mwaka 1974, na sanamu yake akiwa juu ya farasi ilisimamishwa mjini humo. Dola ilipovunjika sanamu iliangushwa. Diwani ilibaki, na humo ndani yamo mashairi mengi yasiyomlenga Mwingereza hata kidogo. Yanawalenga Wasomali wa koo zilizokataa kumfuata, kwa matusi ambayo wajukuu wa waliotukanwa wanayajua kwa moyo. Waliotukanwa nao hawakukaa kimya. Ali Jama Habil, kwa mfano, alimjibu kwa gabay za sheria zilezile na ukali uleule, akihesabu maovu ya Madarweshi. Kwa hiyo ushairi wa vita hivi haukuwa na sauti moja, na kumsoma Sayyid bila wapinzani wake ni sawa na kusikiliza nusu ya mashindano ya malumbano.

Kwa mhakiki wa Kiswahili kuna sababu ya karibu zaidi ya kuchukua tahadhari. Mwaka 1909 Madarweshi walimuua Sheikh Uways bin Muhammad huko Biyoley. Uways alikuwa mtu wa Barawa, mji ambao wenyeji wake husema Chimwini, lahaja ya Kiswahili ya kaskazini kuliko zote, na yeye ndiye aliyeieneza tarika ya Qadiriyya hadi Zanzibar na bara ya Tanganyika. Mgogoro baina yake na Sayyid ulihusu uombezi wa mawalii waliokufa, ambao Qadiriyya waliukubali na Salihiyya wakaupinga, na ulipiganwa kwanza kwa kasida. Dhikri zinazosomwa katika misikiti mingi ya Waswahili zimepitia mikononi mwa mtu aliyeuawa na wafuasi wa shujaa anayejadiliwa hapa. Haiwezekani basi kumwimba Sayyid kwa Kiswahili kana kwamba lugha hii haikuwa na maiti wake katika vita hivyo.

Nuruddin Farah ndiye aliyekabiliana na ugumu huu kwa ujasiri zaidi kuliko wahakiki. Katika riwaya yake Close Sesame (1983), mzee Deeriye, mcha Mungu aliyewahi kufungwa na wakoloni, anaishi chini ya udikteta wa Kisomali huku mawazo yake yakirudi kila mara kwa Sayyid. Farah hamtumii Sayyid kama jibu. Anamweka mbele ya mzee kama swali kuhusu jeuri: kama ilikuwa haki kwa yule, je, ni haki kwa wanangu sasa? Kinjeketile wa Hussein, anapokataa mwishoni kuikana imani ya maji, anakabiliwa na swali linalofanana na hilo, kwamba neno likishatoka humtawala aliyelitamka. Lakini Hussein alikuwa huru kumwandikia Kinjeketile shaka. Shaka hiyo haimo katika shairi la Koofil, na mtunzi wa leo hana ruhusa ya kuitia. Maneno yapo, yamefungwa kwa sauti moja toka mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo Sayyid anapoachana na Wallace. Wallace anaweza kufanywa mpole, mpenda watu, mfia demokrasia, kwa kadiri mwandishi wa filamu apendavyo. Sayyid hafanyiki. Ushairi wake unamkinga asigeuzwe sanamu, na kwa uhodari huohuo unamnyima msamaha.

Lafey ni mahali pazuri pa kulielewa hilo kwa kuwa hapana taifa moja la kulimiliki shairi. Mkondo wa upinzani wa Kisomali upande huu wa Kenya ulikuwa na watu wake. Mwezi Februari 1916 Abdurrahman Mursal wa Waaulihan aliishambulia ngome ya Serenli kando ya mto Juba na Luteni Elliott akauawa. Juba hiyo ilikuwa bado ndani ya himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na haikukabidhiwa Italia hadi 1925. Mursal hajawa mhusika wa kitabu cha kiada. Msomaji humkuta zaidi katika kumbukumbu za maafisa waliompiga vita, hali inayomfanya awe karibu na Wallace kuliko na Sayyid: mtu wa vitendo anayengoja Harry wake. Baada yake zilikuja sheria za wilaya zilizofungwa, vita vya 1963 hadi 1967 ambavyo serikali iliviita vya shifta, na hali ya hatari ambayo kanuni zake hazikufutwa hadi 1991.

Katika historia hiyo Kiswahili hakikufika Lafey kama lugha ya Liyongo. Kilifika kama lugha ya askari, ya kizuizi barabarani, ya kuulizwa kitambulisho. Shule ilikuja nyuma yake. Wahakiki wa mwambao na wa Nairobi, ambao huizungumzia lugha hii kuwa ni lugha ya umoja na ukombozi, wana haki ya kusema hivyo kwa uzoefu wao, lakini uzoefu huo si wa Wakenya wote, na kukaa kimya juu ya jambo hili kumeufanya uhakiki wao usisikike huko. Fasihi simulizi ya Kisomali ya Kenya haiwezi kuingizwa katika silabasi kama pambo la mifano miwili mitatu, huku lugha inayoipokea ikijifanya haina historia mahali hapo.

Jambo hili huonekana wazi pale anapojitokeza mtu wa kulitafsiri shairi la Koofil. Vina vya Kiswahili haviwezi kuchukua nafasi ya sauti moja inayorudi, kwa sababu kina hufunga mwisho wa kipande na takriri ya gabay hufunga mwanzo wa maneno. Mfasiri anaweza kutumia utenzi na kupata mwendo, au kutumia maghani huru na kupata ukali. Yote mawili yanawezekana. Tatizo halisi ni lile neno moja la kuamuru. Kwa Kisomali Sayyid anamwamuru polisi wa kikoloni aseme. Kwa Kiswahili cha Lafey, “sema” ni neno ambalo kwa miaka mingi polisi ndiye aliyemwambia raia: sema jina lako, sema unatoka wapi, sema bunduki iko wapi. Mfasiri akiliweka neno hilo katika kinywa cha Sayyid, mshororo baada ya mshororo, likimwelekea afisa aliyekufa, hadhira ya kwanza itakayolielewa kikamilifu ni wanafunzi wa kidato cha tatu waliokaa chini ya bati la darasa, ambao hawatahitaji maelezo ya pembeni ukurasani.